PS2 au PS4? Nilivyokosea Kupima Mashine za Gemu

Mwaka jana, mwenye kibanda cha gemu kilicho karibu na soko letu hapa Base Camp, Nakivale, alituita vijana wanne tukae naye baada ya kufunga. Alikuwa na PS2 tatu za aina ile nyembamba, na televisheni tatu za kichogo za inchi 14. Alikuwa amepata mtu wa Mbarara anayeuza PS4 Slim iliyotumika, pamoja na televisheni bapa ya inchi 32. Pesa zisingetosha mpaka auze vya zamani. Akanigeukia mimi: "Wewe njo unasomaka mambo ya mashini. Utuambie, hii iko na nguvu kushinda zile?"

Nilijibu kwa karatasi. Nilichora jedwali kwenye daftari la shule la mdogo wangu, PS2 upande wa kushoto, PS4 upande wa kulia, nikajaza tarakimu nilizozisoma kwenye simu. Siku iliyofuata nikalisoma mbele yao. Mjadala haukufika hata dakika kumi. Wiki mbili baadaye PS2 zote tatu zilikuwa zimeuzwa, na pedi zake, na nyaya zake, na kila kilichokuwa kimechomekwa ndani yake.

Makala hii ni ukosoaji wa karatasi ile. Tarakimu zake zilikuwa sahihi, na hadi leo sina ninayoifuta. Kilichokosewa ni namna ya kupima. Na kosa hilo si langu peke yangu: karibu kila ukaguzi wa mashine za gemu niliowahi kuusoma unapima hivyo hivyo, nasi tunapokea bila kuuliza kipimo hicho kilikatwa kwa nyumba ya nani.

Nianze kwa kuitendea karatasi haki. PS2 ilitoka Japani tarehe 4 Machi 2000. Prosesa yake inakwenda kwa megahezi 294 na ushei. Memori yake kuu ni megabaiti 32, na chipu ya picha ina megabaiti 4 za peke yake. PS4 ilitoka Novemba 2013. Ina prosesa ya viini 8 na memori ya gigabaiti 8, yaani mara 256 ya ile ya PS2. Chipu yake ya picha inafikia teraflopu 1.84: hesabu za desimali trilioni moja na zaidi kwa sekunde moja.

Kwa nini hesabu? Kwa sababu picha ya gemu haipigwi kama picha ya kamera. Uso wa mchezaji, mpira, jukwaa la mashabiki, vyote ni pembetatu zilizounganishwa. Mashine inakokotoa kila pembetatu iko wapi, inaivisha ngozi ya rangi, inatafuta mwanga unaipigaje, kisha inajaza nukta za kioo moja moja. Ikimaliza, inaanza upya, mara 30 au 60 kwa sekunde. Televisheni ya zamani inahitaji takriban nukta 307,000 ukihesabu 640 kwa 480. Kioo cha 1920 kwa 1080 kinahitaji zaidi ya milioni 2. Kwa hiyo mashine mpya inajaza nukta karibu mara 7, na kila nukta inapewa kazi zaidi. Hayo yote niliyaeleza, na yote ni kweli.

Kosa la kwanza lilikuwa kudhani kwamba tarakimu ya mashine moja inaweza kusimamishwa kando ya tarakimu ya mashine nyingine kama tunavyolinganisha magunia ya maharage kwenye mizani. Inawezekana pale tu mashine zinapokuwa za ukoo mmoja. Mfano mzuri ni PS4 na Xbox One, zilizotoka mwezi mmoja. Zote mbili zilitumia chipu za AMD zenye muundo unaofanana, zote zilikuwa na memori ya gigabaiti 8. Lakini PS4 ilikuwa na teraflopu 1.84, Xbox One 1.31, na memori ya PS4 ilikuwa ya aina yenye kasi zaidi. Tofauti ilionekana kwa macho: Call of Duty: Ghosts ilichorwa kwa 1080p kwenye PS4 na kwa 720p kwenye Xbox One. Hapo karatasi ilitabiri na kioo kikathibitisha.

Ukitoka nje ya ukoo, karatasi inaanza kusema uongo. PS3 ya mwaka 2006 ilikuwa na prosesa iitwayo Cell, ya gigahezi 3.2, na kwenye karatasi ilimtisha kila mtu. Lakini ilikuwa na kiini kimoja tu cha kawaida, pembeni yake visaidizi ambavyo mwandishi wa programu alipaswa kuvigawia kazi kwa mkono, na memori yake ilikatwa vipande viwili vya megabaiti 256. Xbox 360, iliyotangulia kwa mwaka mmoja, ilikuwa na megabaiti 512 kwenye sufuria moja. Matokeo yake gemu nyingi zilizotoka kwenye mashine zote mbili zilikuwa nyororo zaidi kwenye 360, hasa miaka ya mwanzo. Ilibidi watu waizoee PS3 kwa miaka ndipo uwezo wake ukaonekana. The Last of Us ilitoka 2013, mashine ikiwa karibu kustaafu.

Na PS2 yenyewe? Ilikuwa dhaifu kuliko wenzake. Xbox ya kwanza, ya 2001, ilikuwa na prosesa ya megahezi 733, memori ya megabaiti 64, na diski ngumu ndani. GameCube ya Nintendo ilikuwa na prosesa ya megahezi 485. Lakini Xbox ile iliuzwa takriban milioni 24, GameCube karibu milioni 22, na PS2 zaidi ya milioni 155. Iliwahi sokoni, ilisoma DVD za filamu, ilicheza diski za PS1 ambazo watu walikuwa nazo tayari, na gemu zake hazikuhesabika. Viwanda viliacha kuitengeneza mwishoni mwa 2012, na bado Novemba 2013, mwezi ule ule PS4 ilipozaliwa, PES 2014 ilitoka kwa ajili ya PS2. Hakuna aliyeendelea kuitengenezea gemu kwa huruma. Watu walikuwa bado wanaicheza.

Kosa la pili nalionea haya zaidi, kwa sababu lilifanyika mbele ya macho yangu. Jioni televisheni bapa ilipoletwa, mwenye kibanda alichomeka PS4, tukaangalia. Kisha akachomeka PS2 kwenye televisheni ile ile ili tuone tofauti. Watu wakacheka. Picha ya PS2 ilikuwa kama imepakwa mvuke wa chai. Mimi nilifurahi: karatasi imeshinda.

Sasa sikiliza kilichotokea kweli. PS2 ilitengenezwa zama za televisheni za kichogo. Televisheni zile huchora picha mstari kwa mstari, kwanza mstari wa 1, wa 3, wa 5, kisha zinarudi kuchora wa 2, wa 4, wa 6, na jicho linaunganisha lenyewe. Gemu nyingi za PS2 zinatoa picha iliyogawanywa namna hiyo. Televisheni bapa haiwezi kuchora hivyo. Ina nukta zake zilizokaa palepale, kwa hiyo inazikusanya zile nusu mbili, inazikisia, inazivuta mpaka zijae kioo kikubwa, na kazi hiyo inachukua muda. Muda ni mdogo sana, lakini mchezaji anausikia kidoleni: unabonyeza pasi na mpira unasitasita. Tena tulitumia ule waya wa njano, ambao unabeba rangi zote zikiwa zimechanganywa pamoja.

Yaani tulibadilisha vitu viwili kwa mpigo, mashine na kioo, halafu lawama zote tukaipa mashine. Hakuna aliyesema turudishe PS2 kwenye kichogo chake tuziweke mbili ubavu kwa ubavu. Tungefanya hivyo, tungeona kwamba PS2 kwenye kichogo inacheza mpira kwa picha 50 au 60 kwa sekunde kulingana na mfumo wa televisheni, na PS4 inacheza mpira kwa picha 60 kwa sekunde. Kasi ya mchezo haikuongezeka. Nguvu yote iliyoongezeka imekwenda kwenye nyasi, jasho, nywele na mashabiki. Vitu vizuri, sikatai. Lakini nilimwambia mwenye kibanda kwamba anunue kasi, na kasi alikuwa nayo.

Kosa la tatu ni umeme. Karatasi yangu haikuwa na safu ya wati, na kibanda chetu kinaishi kwa paneli za sola mbili na betri moja ya volti 12, ampea-saa 100. Ukizidisha unapata wati-saa 1,200, lakini betri ya asidi ukiimaliza yote unaiua, kwa hiyo ya kutumia ni nusu, wati-saa 600. Baada ya PS4 kufika niliazima mita ndogo ya kupimia kwa fundi wa simu, na kwa PS2 nikamwendea jamaa aliyenunua mojawapo. PS2 nyembamba inakula karibu wati 30, na televisheni ya kichogo ya inchi 14 karibu 50. PS4 Slim inakula karibu 80 mpira ukichezwa, na televisheni bapa karibu 45.

Sasa tupige hesabu kwa betri peke yake, jua likiwa limezama, bila kuhesabu kinachopotelea kwenye inveta, kwa kuwa kinapotea pande zote mbili. PS2 tatu na vichogo vitatu ni wati 240. Betri inafika saa 2 na nusu, na wanaocheza ni 6. Jumla ni saa 15 za mchezaji. PS4 na kioo chake ni wati 125. Betri inafika saa 4 na dakika 48, wanaocheza ni 2. Jumla ni saa 9 na nusu hivi. Mashine yenye memori mara 256 ilipunguza uchezaji wa kibanda kwa zaidi ya theluthi. Na PS2 moja ikiharibika, mbili zinabaki. PS4 ikiharibika, kibanda kinafungwa.

Kipimo hiki, saa za mchezaji kwa betri moja, hutakikuta kwenye ukaguzi wowote, kwa sababu anayeandika ukaguzi ana soketi ukutani. Hata hivyo wazo lake si geni. Mwaka 1989 Nintendo walitoa Game Boy, kazi ya timu ya Gunpei Yokoi. Kioo chake hakikuwa na rangi, kilikuwa na vivuli vinne tu, na prosesa yake ilikwenda kwa megahezi 4 na kidogo. Mwaka uliofuata Sega walitoa Game Gear yenye kioo cha rangi kinachowaka. Ukiziweka ubavu kwa ubavu dukani, Game Gear inaifanya Game Boy ionekane kama jiwe. Lakini Game Gear ilikula betri 6 kwa saa chache tu, na Game Boy ilikula betri 4 kwa saa zaidi ya 10. Yokoi alikuwa na falsafa yake: chukua teknolojia iliyokwisha kuchakaa, iliyo rahisi na inayojulikana vizuri, uitafutie matumizi mapya. Game Boy na dada yake wa rangi ziliuzwa zaidi ya milioni 118. Game Gear haikukaribia hata milioni 20.

Hapa Uganda tuna mfano wa karibu zaidi. Lual Mayen, kijana wa Sudan Kusini aliyekulia kambini kaskazini mwa nchi hii, alianza kutengeneza gemu kwa kompyuta ambayo mama yake aliiwekea akiba miaka 3 mpaka kufikisha dola 300. Alikuwa akitembea saa 3 kwenda kuichaji. Gemu yake, Salaam, inahusu kukimbia vita. Ningependa mkaguzi wa teraflopu aniambie kompyuta ile angeipa alama ngapi.

Kuna safu nyingine iliyokosekana, na hii sikuisahau kwa bahati mbaya. Niliiepuka. Mimi natoka Masisi. Ndani ya mashine hizi kuna vipande vidogo vinavyohifadhi umeme kwa kitambo kidogo na kuutoa ukiwa umetulia, na baadhi yake vinatengenezwa kwa tantalumu, na tantalumu inatoka kwenye koltani. Mwaka 2000 bei yake ilipanda kwa ghafla mpaka ikawa mara kadhaa ya ilivyokuwa. Watu waliacha mashamba wakaenda kuchimba, na wenye bunduki walikuwa wanasubiri njiani. PS2 ilitoka mwaka huo huo, na kuna waandishi huko nje waliokuja kuviita vita vyetu kwa jina la mashine hiyo.

Jina hilo silipendi. Vita vilikuwa vimeanza tangu Agosti 1998, na kabla yake vilikuwepo vingine. Waliotaka tantalumu mwaka ule walikuwa hasa wa simu na kompyuta, na wafanyabiashara walioogopa kuishiwa wakanunua kupita mahitaji. Kuiita vita ya gemu ni kumfanya mtu wa mbali aone kwamba akizima mashine yake basi amemaliza deni. Lakini pia siwezi kujifanya sijui. Umoja wa Mataifa unakadiria kwamba Rubaya peke yake inatoa karibu asilimia 15 ya koltani ya dunia, na tangu mwishoni mwa Aprili 2024 mji huo uko mikononi mwa M23. Mashine mpya inayotengenezwa leo inaanza upya safari hiyo. PS2 iliyokwisha kutengenezwa miaka ishirini iliyopita haidai jiwe jingine. Kama tunalinganisha mashine na mashine, hilo nalo ni la kulinganisha, na sisi ndio wa kulisema.

Nisije nikaonekana nadharau kipya kwa sababu ni kipya. Siku ya kwanza ya PS4, mtoto mmoja wa miaka kama 10 alisimama akakaribia kioo mpaka tukamrudisha nyuma. Lukaku alikuwa anarudiwa baada ya bao. Kwenye PS2 wachezaji weusi walikuwa na nyuso mbili tatu walizogawana, na nywele kama kofia; ulimjua mtu kwa namba mgongoni. Huyu alikuwa Lukaku mwenyewe, mashavu yake, jasho lake, mwanga umekaa kwenye ngozi yake inavyopaswa kukaa. Baba yake Lukaku aliichezea Zaire, na mtoto yule alilijua hilo. Akasema, "Aah, huyu njo ye!" Mfinyanzi wa kale hakuweza kufika hapo kwa megabaiti 32. Zinahitajika memori na teraflopu ili mtu mweusi aonekane kama alivyo na asiwe rangi iliyomwagwa juu ya sura ya mwingine. Kwa hilo PS4 ilishinda, na nimeandika hivyo kwenye karatasi mpya.

Lakini wiki ile ile alikuja msichana wa miaka kama 14, akasimama mlangoni bila kuingia.

"Kaka, zile mashini za zamani mulipeleka wapi?"

Nikamwambia tuliziuza.

"Na ile kadi?"

Sikumwelewa. Akasema, "Mule mulikuwa jina ya kaka yangu. Namba 9."

Hapo nikakumbuka, na nikakaa chini. Kwenye PES 6 kuna sehemu ya kuhariri. Unaweza kubadilisha jina la timu, rangi za jezi, nembo ukaichora nukta kwa nukta, na kila mchezaji ukampa jina, urefu, mtindo wa nywele, mguu anaopigia. Vijana waliotutangulia kwenye kibanda kile walikuwa wamechukua timu moja wakaifanya timu ya zoni yetu. Kila aliyefika kutoka Congo akazoeleka, alitiwa mle. Waliifanya kazi hiyo miaka mingi, jina kwa jina, kwa pedi, bila kibodi. Yote ilikaa kwenye kadi moja nyeusi ya megabaiti 8, iliyokuwa ikihamishwa mashine hadi mashine. Wengine walioandikwa mle sasa wako Canada na Marekani. Wengine wako Kampala. Kaka wa msichana yule alirudi nyumbani mwaka 2022 kumwangalia bibi yao, na tangu hapo hakuna simu.

Kadi ile ilikuwa imechomekwa kwenye mashine ya katikati. Iliuzwa nayo.

PS4 haina mahali pa kuchomeka kadi hiyo. Haisomi diski za PS2. PS3 za mwanzo kabisa ziliweza kuzicheza, zilizofuata zikaondolewa uwezo huo, na PS4 ilizaliwa bila huo kabisa. Gemu zake nyingi unazinunua kwa diski, lakini diski inamiminwa kwanza kwenye diski ngumu, kisha inadai gigabaiti nyingi za kusahihishwa kwa bando la intaneti, na majina ya wachezaji yanaletwa kutoka mbali, tayari yamepangwa. Nilikuwa nimelinganisha megabaiti 32 na gigabaiti 8. Ile megabaiti 8 ya pembeni, iliyokuwa na vitu vyetu, sikuihesabu.

Tulimtafuta mnunuzi wa mashine ya katikati tukampata Juru. Nilikwenda kwa bodaboda na msichana yule. Mnunuzi alikuwa muungwana. Kadi ilikuwepo, alitaka kuifuta apate nafasi ya gemu nyingine, ila hakujua inafutwaje. Tulimwomba aiwashe. Televisheni yake ni ya kichogo. Timu ikatokea, jezi ya buluu na njano, wachezaji 19. Nilikuwa nimebeba daftari lile lile la jedwali, nikaligeuza nyuma nikaanza kunakili majina. Namba 9 alikuwa amejiandika mwenyewe, dada yake alituambia. Alijipa urefu wa sentimita 191 na kasi ya 99. "Hakukuwaka murefu vile," dada mtu akasema, akacheka, akajifuta macho kwa kanga.

Mnunuzi alituuzia kadi kwa shilingi 10,000. Mashine hakutaka kuiuza, na sikumlaumu; watoto wake wanaicheza.

Kwa hiyo sasa ninayo kadi, iko kwenye kopo la maziwa pamoja na karatasi za familia, na sina mashine ya kuifungua. Mwenye kibanda amepandisha mchezo kutoka shilingi 500 hadi 1,000, kwa sababu wanaolipa kwa wakati mmoja ni wawili. Wale wadogo hawafiki tena mbele ya benchi. Wakubwa wanashika pedi mpaka betri inalala. Hanilaumu. Anasema, "Mulisema ukweli, iko na nguvu." Hilo linaniuma kuliko kama angenitukana.

Mtu akiniuliza leo mashine ipi ni bora, nitamuuliza kwanza: wangapi watacheza? Mna umeme wa saa ngapi? Kioo chenu ni cha aina gani? Mnataka kuona uso wa nani, na majina ya nani yamo tayari kwenye ile mnayotaka kuuza? Akinijibu, ndipo nitamtajia teraflopu, kwa kuwa nazo zina mahali pake. Kwa kibanda chetu jibu langu lingekuwa kuuza PS2 mbili, kubaki na moja na kichogo chake, na kusubiri miezi michache zaidi kwa PS4. Lingekuwa jibu la polepole, na jioni ile hakuna aliyelitaka, hata mimi.

Tumeanza kuchanga. Hadi naandika haya tuna shilingi 70,000, na PS2 nyembamba inayosoma diski vizuri tumeambiwa ni 150,000. Msomaji wa zoni yoyote, Base Camp, Juru au Rubondo, akiwa nayo nyumbani haitumii, na awe na televisheni ya kichogo ambayo watoto wamemwambia imepitwa na wakati, asiitupe. Aje kibandani aulize. Atatukuta.